Ukurasa Niliouchana

Kling! Mkono wa ndoo uliangukia pembeni, ukagonga bati mara moja, ukanyamaza.

Jogoo walikuwa bado hawajawika. Nilikuwa macho kitandani, nimejifunika gubigubi kwa baridi ya Juni, na sauti ile naijua kama ninavyojua kikohozi cha mwanangu. Ni Tabu. Ameniwekea maji mlango wa uani.

Huu mwaka wa sita, tangu nyonga yangu iharibike, Tabu hunichotea mimi kwanza ndipo ajichotee yeye. Sikuwahi kumwomba. Lakini asubuhi ile nilitamani asingekuja. Kisima alichokuwa akichota kilikuwa kimezungushiwa miti na waya siku iliyotangulia, na mimi ndiye niliyesaidia kukizungushia.

Kwa ambaye hakuyasoma ya wiki iliyopita, mambo yenyewe ni haya. Mimi ni Severina, bibi wa wajukuu saba, katibu wa Jumuiya ya Mtakatifu Monika hapa mtaani kwetu, karibu na Mfaranyaki. Kila Alhamisi tukimaliza kusali, kila mmoja huandika jina lake kwenye daftari na kutia sahihi. Asiyejua kuandika hutia dole gumba. Hakosi mtu, maana siku ukifiwa au ukitaka kubatiza, linaloulizwa kwanza ni daftari.

Mwenyekiti wa mtaa wetu, Amedeus, aliita mkutano mkuu mara tatu bila kupata watu. Basi akaja kwangu na furushi la dagaa wa Nyasa, akaniambia ofisi ya mji inataka muhtasari wenye majina ya wakazi ndipo tuletewe bomba. "Mama," akasema, "watu ni wale wale. Wa jumuiya ndio wa mtaa."

Nikachana ukurasa wenye majina sitini na mawili. Kichwa cha ukurasa, palipoandikwa jina la jumuiya, nikakikata kwa mkasi wangu wa kushonea.

Kumbe hapakuwa na bomba. Muhtasari ulisema wakazi wamekubali kiwanja cha kisima apewe tajiri mmoja wa mawe ya vito kutoka Tunduru, ajenge ghala.

Sasa nisikilizeni.

"Hodi, Mama Otto. Umeamka?"

"Karibu, Tabu. Umeamkaje?"

"Salama, alhamdulillahi. Miguu tu. Maji haya ni ya mtoni."

"Mtoni! Kwa magoti yako hayo?"

"Na wewe ulitaka nifanyeje? Mtani wangu akifa kwa kiu, nitabaki kumcheka nani?"

Akacheka peke yake. Mimi nilijifanya natafuta kibiriti.

Tabu ni mwenyeji wa Tunduru, lakini ameishi hapa miaka thelathini. Analea wajukuu wanne walioachwa na binti yake. Chini ya kisima ana matuta ya mchicha na chainizi, na hiyo ndiyo sukari yao, ndiyo madaftari yao, ndiyo sabuni yao.

"Matuta yangu yameingia ndani ya waya," akasema. "Jana nimemwagilia kwa kopo kupitia kwenye waya, kama mtu anayemlisha mfungwa. Langoni wametia kufuli."

Niliendelea kutafuta kibiriti.

"Wanasema sisi wakazi tumekubali. Mimi sikukubali. Nimemuuliza kila ninayekutana naye, naye hakukubali. Sasa nani amekubali? Twende ofisi ya kata, Mama Otto. Mimi najua herufi za Kiarabu za chuoni tu, hizi zenu unazijua wewe. Nataka unisomee majina."

"Nyonga hii, Tabu..."

"Nitakushika mkono."

Mwanangu Otto akatoka ndani na kikombe cha chai mkononi. Otto ana miaka arobaini na moja. Alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha ushirika, na walipoanza kupunguza watu, alikuwa wa kwanza kupunguzwa. Mwaka wa pili huo yuko nyumbani, yeye na mkewe Hilda na watoto.

"Mama, kaa nyumbani," akasema. "Mambo ya mtaa yana wenyewe."

"Wenyewe ni akina nani, baba?" Tabu akamuuliza kwa upole.

Otto akatazama ndani ya kikombe, kana kwamba jibu limezama humo.

Tukaenda. Tabu alinishika mkono kilima chote, na kila nilipopumzika alisimama akajifanya ndiye aliyechoka.

Mtendaji wa kata alikuwa mama kijana, jina lake Adela, mgeni aliyehamishiwa kwetu mwezi wa pili. Niliomba moyoni atufukuze. Zamani zetu, mtu wa kawaida hakuingia ofisini kuuliza karatasi. Tarishi alikuwa anakumaliza mlangoni.

"Shikamooni, bibi zangu."

"Marahaba, mwanangu."

Tabu akaeleza shida yake. Adela hakukunja hata uso. "Muhtasari ni wa wakazi," akasema. "Kila mkazi ana haki ya kuuona."

Akafungua kabati, akatoa faili. Aliponiona nimesimama upande upande, akanipa kiti chake mwenyewe, yeye akaegemea dirisha. Siku nyingine ningemwombea baraka. Siku ile kiti kile kilinichoma.

Ukurasa wangu ulikuwa pale, umebanwa kwa pini nyuma ya muhtasari. Mistari niliyoichora mimi kwa rula. Namba nilizoziandika mimi.

"Soma taratibu," Tabu akasema. "Mmoja mmoja."

Namba moja ilikuwa Severina. Katibu ndiye hutangulia kutia sahihi.

Niliiruka.

"Namba mbili, Urbani. Tatu, Justa. Nne, Getruda..."

Tabu alikunja vidole akihesabu. Nilipofika ishirini akanishika bega.

"Simama hapo. Hawa wote nawaona Jumapili wakipita kwenda kanisani na viatu vyao vimepakwa rangi. Hamna hata Juma mmoja? Hata Asha mmoja? Sisi ni nusu ya mtaa. Mkutano gani huo, asiende Mwislamu hata wa kupita njia?"

Adela akageuza shingo kunitazama.

Wasomaji, mpaka hapo nilikuwa na kosa moja. Ningeweza kulisema pale pale, likaisha kwa aibu ya watu watatu. Badala yake nikalizalisha.

"Wapo," nikasema. "Wapo mbele. Huyu hapa, ishirini na moja. Chiku."

"Chiku mdogo wangu?"

"Ndiye."

"Mkutano ulikuwa tarehe ngapi, mwanangu?" Tabu akamuuliza Adela.

"Kumi na nane, mwezi wa tano."

Tabu akairudia tarehe ile polepole. Nami nikakumbuka. Tarehe hizo Chiku alikuwa amelazwa Mbesa, hospitali ya misheni, amepasuliwa. Tabu alikuwa naye siku kumi na mbili. Ndoo yangu siku zile aliniachia maagizo kwa jirani, nisikose maji.

Adela akaja, akainamia karatasi. "Ishirini na moja ni Pankrasi, bibi," akasema polepole. "Humu ndani mwanga ni hafifu."

Alinipa pa kujifichia bila kuombwa. Kisha kidole chake kikapanda juu. "Na ya kwanza ni Severina. Mnamfahamu?"

Nilitazama sakafu. Nilisikia saa ya ukutani ikitembea.

"Hapa Songea akina Severina wako wengi," Tabu akasema.

Hakunitazama.

Adela akatueleza la kufanya. Wakazi wakiomba kwa barua, mwenyekiti lazima aitishe mkutano. Majina yatasomwa mbele ya wenyewe, kila mtu aseme alikuwepo au hakuwepo.

"Lakini mje," akasema. "Mkutano huu ni wenu. Msipokuja wenyewe, majina yenu yataenda bila ninyi."

Tabu akaniomba niandike barua. Nikaandika. Mkono uliochana ukurasa ndio ulioandika kuuliza ukurasa umetoka wapi. Tabu akatia dole gumba, akalifuta kwenye kanga yake, tukaondoka.

Njiani alitazama mbele tu. Mkono hakuuachia.

Jumatano mchana Amedeus akaja. Alivua kofia mlangoni kama kawaida yake, maana malezi anayo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Uliniambia bomba."

"Bomba litakuja. Tajiri mwenyewe atalivuta."

"Uliniambia ofisi ya mji ndiyo inayolileta."

Akakaa bila kukaribishwa. "Mama Severina, mimi nimeita mkutano mara tatu. Unajua walikuja wangapi mara ya tatu? Wanne. Na mbuzi wa Urbani. Mbuzi ndiye aliyekaa mpaka mwisho."

Nilitaka kucheka, nikajizuia.

"Wewe ulikuwepo?" akaniuliza.

Nilikuwa napanga maua ya altare siku ile. Mara ya pili nilikuwa nachambua maharage. Mara ya kwanza hata sikumbuki nilikuwa na nini.

"Hukuwepo," akasema. "Basi lawama usinitwishe peke yangu."

Na hapo, ndugu zangu, alisema kweli. Ndiyo maana iliniuma kuliko uongo wake.

Simwiti Amedeus mtu mbaya. Mume wangu alipofariki masika yale, gari lilikwama, na Amedeus alivua viatu akabeba jeneza kwenye tope mpaka makaburini. Jambo kama hilo halifutiki. Labda ndiyo sababu siku aliyokuja na dagaa sikuuliza mara mbili.

"Tajiri anataka mlinzi wa kiwanja," akaendelea. "Nimemtaja Otto. Jumatatu anaanza."

"Otto anajua?"

"Otto ndiye aliyeniomba."

Nami nikakaa.

"Ukisimama mkutanoni Jumamosi ukasema, kiwanja kinarudi, mlinzi wa nini? Utakuwa umemnyang'anya mwanao uji wa watoto wake. Mimi sikutishi, Mama. Nakuomba kitu kidogo tu. Usije. Kaa nyumbani, kama siku zote."

Akavaa kofia yake, akaenda.

Kama siku zote. Maneno hayo nililala nayo, nikaamka nayo.

Alhamisi tulisali. Daftari likazunguka, watu wakasaini kama kawaida, wakakuta ukurasa mmoja umebakiza meno tu, hakuna aliyeuliza. Kile kipande nilichokikata kwa mkasi nilikuwa nimekiacha humo humo, katikati ya kurasa. Sijui kwa nini sikukitupa. Labda mtu mwenye hatia hupenda awe na pa kushikwa.

Baada ya matangazo ya harusi nikasema, "Jumamosi saa nne kuna mkutano wa mtaa, pale kisimani."

Watu walikuwa wameshaanza kukunja mikeka.

"Wa nini tena, mama katibu?" Justa akauliza. "Mimi nina mahindi mashineni."

"Wa majina yenu," nikasema.

Wakaiacha mikeka. Ningeweza kumalizia. Ulimi ukakataa. Nikasema tu, "Njooni, nawasihi. Nami nitakuja." Nikafunga daftari, nikaenda kulilaza sandukuni chini ya vitenge vyangu.

Ijumaa yote Tabu alizunguka mtaa mzima, nyumba hadi nyumba. Nilimwona kwa dirisha akipita na fimbo. Kwangu hakuingia.

Jumamosi alfajiri nilioga, nikavaa gauni langu la Pasaka, nikafungua sanduku.

Daftari halikuwepo.

Nilitoa vitenge vyote. Nikatoa shuka la jeneza nililojiwekea mwenyewe. Nikatoa mpaka magazeti ya kutandikia.

"Hilda, nani amefungua sanduku langu?"

Mkamwana wangu alikuwa anasonga uji. Hakugeuka. "Sijui, mama." Lakini mwiko ulisimama.

"Otto yuko wapi?"

"Ametangulia mkutanoni."

Nikaenda mikono mitupu.

Nilipokaribia kisimani nilidhani kuna msiba. Watu walikuwa wamejaa nje ya waya, wamekaa chini, wamekaa juu ya ndoo zilizofunikwa, wanaume wameegemeza baiskeli zao. Kanga na baraghashia, rozari na tasbihi, wote pamoja. Tangu mtaa wetu uwe mtaa, sijaona watu wale wakikaa mahali pamoja bila maiti katikati.

Amedeus alivaa koti. Alipouona umati, alilifungua kifungo cha juu.

Adela akasimama. "Nitasoma jina. Mwenye jina asimame aseme, tarehe kumi na nane Mei alikuwa kwenye mkutano au hakuwepo. Hakuna kingine. Namba moja, Severina."

Nilisimama. Tabu alikuwa mstari wa mbele, mgongo wake kwangu.

"Ni mimi," nikasema. "Sikuwepo. Hapakuwa na mkutano siku hiyo. Ukurasa huo ni wa jumuiya yetu, mlisaini mkisali. Niliuchana mimi, nikampa mwenyekiti, nikapokea dagaa wake. Niliambiwa ni kwa ajili ya bomba, lakini sikuuliza, na sikuwaambia. Na juzijuzi ofisini nilisoma jina la Chiku wakati halimo. Nilimdanganya Tabu mbele ya macho yake."

Kisha Urbani, yule mwenye mbuzi, akapiga mikono.

"Loo! Mama katibu umetuuza kwa dagaa!"

"Na dagaa wenyewe ulikula peke yako!" mwingine akadakia.

Wakacheka, na kicheko kile kilikuwa na mawe ndani yake. Justa akasimama na ungo wake kichwani. "Mimi nilisaini ya rozari! Ya ghala sikusaini! Sasa hata Mungu atajuaje niliomba nini?"

Nilibaki nimesimama. Niliona ni haki yao.

Ndipo Tabu akageuka. "Nilijua tangu ulipotaja jina la Chiku," akasema. "Nimekusubiri siku tano useme mwenyewe. Umesema. Lakini hasira ninayo, Mama Otto. Usidhani sina."

"Najua, Tabu."

"Basi kaa, usije ukaanguka."

Adela akaendelea. Urbani, hakuwepo. Justa, hakuwepo. Getruda, hakuwepo. Kila aliyesema, sauti ilipanda kidogo kuliko ya kabla yake, mpaka nikaanza kuona matuta ya Tabu yamesharudi mikononi mwake. Saba mfululizo, hawakuwepo.

"Namba tisa, Otto."

Mwanangu alitoka nyuma ya umati. Alikuwa amenyoa ndevu.

"Nilikuwepo," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nilikuwepo, na tulikubaliana. Mama yangu ni mtu mzima, siku hizi anasahau. Anachanganya jumuiya na mkutano. Msimlaumu."

Alisema kwa upole. Afadhali angenitukana.

"Otto!" Tabu akaita. "Baba, mtazame mama yako useme tena."

Otto hakunitazama. Wala hakusema tena.

Baada yake, namba kumi na moja naye akasema alikuwepo. Kumi na nne alikuwepo. Kumi na tisa alikuwepo, huyu shemeji yake Amedeus. Waliobaki wengine walikwepesha macho, wengine hawakuja kabisa, na majina yao yakapita bila mtu wa kuyajibia.

Amedeus akasimama, kifungo kimerudi mahali pake. "Mtendaji, umesikia. Neno kwa neno. Kama huu ni ukurasa wa jumuiya, basi daftari lenyewe liletwe tuone limechanwa wapi."

"Ni kweli," Adela akasema. Akanigeukia. "Bibi, daftari unalo?"

"Lilikuwa sandukuni kwangu."

"Sasa?"

Watu wote walinitazama. Otto alitazama viatu vyake. Ningeweza kusema, mwanangu amelichukua. Nilikuwa na hakika kama ninavyojua njia ya kwenda kanisani. Maneno yalifika kwenye meno yakagoma.

"Sasa silioni," nikasema.

Umati ukaguna. Mtu akasema, "Si mnaona? Kweli anasahau."

Adela akafunga faili. "Nawapa mpaka Ijumaa. Mpaka siku hiyo hakuna kujenga. Daftari likiletwa na kichwa cha ukurasa huu uliokatwa juu, hoja imekwisha, kisima kinabaki cha wakazi. Lisipoletwa, nitapeleka muhtasari kama ulivyo."

Jioni ile Otto hakula nyumbani. Jumapili alitoka kabla ya misa. Jumatatu Hilda akaniambia, akiwa amenipa mgongo, kwamba ameanza kazi.

Saa tisa alasiri nilifunga ugali na kisamvu kwenye kitambaa, nikajikokota mpaka kisimani. Nilimbebea kwa sababu ni mwanangu. Nilikuwa na la kumuuliza pia.

Alikuwa ndani ya waya, amekaa juu ya jiwe, amevaa koti la bluu lililompita mabega. Rungu limelala miguuni kama kitu cha mtu mwingine. Aliponiona akasimama haraka, kama alivyokuwa akisimama utotoni nikimkuta kwenye kosa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Otto. Nimekuletea chakula."

Lango lina kufuli, na ufunguo hakupewa. Wanamfungulia asubuhi, wanamfungulia jioni. Nikapitisha kifurushi chini ya waya, akapiga magoti kukipokea kwa mikono miwili.

Ndipo nikaona suruali yake. Ilikuwa na tope mpaka magotini. Nyuma yake, matuta ya Tabu yalikuwa yameloa, tuta kwa tuta, na mchicha umesimama. Kopo lilikuwa limefichwa nyuma ya jiwe.

"Nani amekutuma kumwagilia?"

"Hakuna."

"Tajiri akijua?"

Akamega ugali, akaushika bila kuutia mdomoni.

"Otto," nikasema, "mimi sikukutaja mbele za watu. Sikukutaja kwa sababu nimeshawataja wengi wasiohusika. Lakini wewe na mimi tunajuana. Daftari liko wapi?"

Akatazama barabarani, juu, kisha chini. Mwendesha baiskeli akapita. Otto akasubiri mpaka mlio wa mnyororo ukapotea.

"Umelichoma?"

"Mama."

"Niambie tu kama umelichoma."

Nilimwona mtoto wangu akitafuta pa kuliweka neno lake, upande wa waya alioko yeye au upande wangu. Watoto wake watatu walikuwa shuleni saa ile, ada yao ikisubiri mshahara wa kwanza wa koti lile la bluu.

"Leo siwezi, Mama," akasema mwishoni. "Niache leo."

"Ijumaa si mbali, baba."

"Najua ni lini."

Nikaokota fimbo yangu. Nyonga iliniuma, na aibu ya mwanangu na yangu sikuweza tena kuzitenganisha. Nilikuwa nimepiga hatua tatu au nne aliponiita. Alikuwa ameshika waya kwa mikono yote miwili, ugali bado kiganjani.

"Mama, kesho uje tena. Saa hizi hizi. Usimwambie Hilda, usimwambie Tabu. Uje tu tena."